Njia za vumbi za Ufaransa zina mwenyewe, na mwenyewe amelala

Tarehe 7 Julai 2024, hatua ya tisa ya Tour de France ilianzia Troyes ikamalizikia Troyes, na katikati waendeshaji wakapitishwa kwenye vipande 14 vya njia za vumbi jeupe, jumla yake kilomita 32 hivi. Aliyeshinda ni Anthony Turgis, Mfaransa. Wakuu wa baadhi ya timu walinung'unika kwamba mbio za wiki tatu hazifai kuamuliwa na jiwe lililotoboa tairi. Watazamaji hawakuwa na neno. Vumbi lilipanda, mizabibu ya Champagne ikapita pembeni, na helikopta ikaonyesha vijiji ambavyo hata Wafaransa wengi hawajawahi kuvisikia.

Keshoye njia zile zikarudi kwa wenyeji wake: trekta za wakulima wa zabibu, mtu anayetembeza mbwa, na hapa na pale mwendesha baiskeli mmoja mwenye tairi pana za milimita 40 au 45 zilizojazwa upepo kidogo, gia nyepesi za kupandia milima, na ramani kwenye kisanduku kidogo juu ya usukani. Huyo ndiye ninayemzungumzia. Hashindani na mtu. Anachotafuta ni saa nne au tano za kupiga pedali bila kupitwa na gari hata moja, na Ufaransa ya mashambani inampa hicho anachokitafuta kuliko nchi nyingi za Ulaya Magharibi.

Wauzaji wa likizo wanaeleza jambo hili kwa mandhari: vilima, mabonde, jibini, kanisa la mawe. Maelezo hayo hayana uzito. Utulivu wa njia zile haukuota wenyewe. Umetokana na sheria, na jasho la watu waliokwisha kuzikwa, na kuhama kwa vizazi vizima. Unaweza pia kuondoka, tena bila kelele, hatua moja ya jembe kila mwaka. Ninavyoona mimi, wapenda baiskeli wa Ufaransa na viongozi wanaowatafutia kura wanapigania kitu kisicho chenyewe. Wanashangilia kila kilomita ya lami mpya ya kitalii, huku mtandao mkubwa kuliko huo mara nyingi ukimegwa chini ya miguu yao.

Kwanza tuelewane kuhusu ukimya wenyewe, maana kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo la ajabu hapa. Kwetu barabara ya vumbi si mahali pa kuyakimbia magari. Ndiko yaliko. Bodaboda, lori la mchanga, basi la kijijini, mkokoteni wa maji, ng'ombe na wanafunzi, wote wamo humo, kwa sababu barabara ya marramu ndiyo barabara yenyewe. Imekosa lami kwa kukosa bajeti, si kwa kukosa kazi. Ndiyo maana mbio za changarawe za Migration Gravel Race, zilizoanza Kenya mwaka 2021, zina ladha tofauti kabisa na za Ulaya: wenyeji wanaowatazama waendeshaji wakipita ndio watumiaji wa kawaida wa njia hizo. Hayati Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani aliyefariki Agosti 2022 kwenye mbio za changarawe huko Vermont, Marekani, alikuwa miongoni mwa waliousukuma mchezo huu ujulikane kama wetu pia.

Ufaransa mambo yamegeuka. Nchi ina barabara za kilomita zaidi ya milioni 1. Barabara kuu za mwendo wa kasi ni kama kilomita 12,000 tu. Za wilaya zinakaribia 380,000, na zilizobaki, takriban 700,000, ni za komuni, yaani ngazi ya chini kabisa ya utawala, ambazo zenyewe ni karibu 35,000. Karibu kila shamba lenye watu limefikiwa na lami. Chochote chenye injini, kuanzia gari la posta hadi lori la maziwa, kimepewa njia yake ngumu. Kwa hiyo njia iliyobaki bila lami ni ile ambayo gari halina haja nayo. Ukimya wa changarawe ni zao la wingi wa lami.

Ongeza na watu kuondoka. Wilaya ya Creuse, katikati ya nchi, ilikuwa na watu karibu 285,000 mwishoni mwa karne ya 19. Leo hawafiki 120,000. Lozère, kusini zaidi, ina watu kama 77,000, chini ya watu 16 kwa kila kilomita ya mraba, na hakuna wilaya ya bara iliyo tupu kuishinda. Wataalamu wa jiografia wana jina la ukanda huo unaotoka mpaka wa Ubelgiji kushuka hadi kusini-magharibi: mshazari wa utupu. Wakazi hawalipendi jina hilo, na wana haki. Ila mwendesha baiskeli anayesifu upweke wa Creuse ajue anasifu nini: shule zilizofungwa, mikahawa iliyogeuka nyumba za likizo za watu wa nje, stesheni zisizosimamisha treni. Anapokosa mahali pa kununua mkate saa nane mchana, hapo ndipo anapokutana na bei halisi ya ukimya wake.

Sasa tufike kwenye kiini. Ukiangalia ramani ya serikali ya kipimo cha 1:25,000, ambayo taasisi ya ramani IGN inaionyesha bure mtandaoni, utaona mistari myembamba ikitambaa kati ya mashamba na misitu. Mistari hiyo inafanana, lakini kisheria haifanani hata kidogo. Mingine ni njia za matumizi ya mashamba, mali ya wenye mashamba, na wanaweza kuzifunga. Mingine ni barabara za misitu ya serikali zinazosimamiwa na ofisi ya misitu ONF. Magari huzuiwa na kizuizi cha chuma na baiskeli hupita kando. Na mingi ni ile inayoitwa chemins ruraux, njia za shambani za komuni. Hizi ndizo uti wa mgongo wa mchezo wote.

Njia ya aina hii ina hali ya ajabu. Ni mali ya komuni, imewekwa kwa matumizi ya umma, lakini haimo katika mali ya umma inayolindwa kwa nguvu zote. Imo katika mali binafsi ya komuni, kama vile komuni ingekuwa na kiwanja au nyumba ya kupangisha. Barabara ya komuni yenye lami haiwezi kunyakuliwa hata ukae juu yake karne nzima. Njia ya shambani inaweza. Mtu akiishika kama yake kwa miaka 30, waziwazi na bila kupingwa, anaweza kwenda mahakamani kudai iwe yake. Na komuni yenyewe inaweza kuiuza ikiwa umma umeacha kuitumia, baada ya kukusanya maoni ya wananchi, na majirani wa njia hiyo hupewa nafasi ya kwanza kununua.

Zilifikaje hapo? Sheria ya tarehe 21 Mei 1836 ilizipa komuni wajibu wa kutunza barabara za vijiji, na fedha zisipotosha, wananchi wachangie kwa kazi ya mikono au wanyama na mikokoteni yao, hadi siku tatu kwa mwaka. Mkulima aliyetaka kulipa pesa badala ya jasho aliruhusiwa. Ni kodi ya jasho ambayo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana. Barabara zilizoonekana muhimu ziliboreshwa, baadaye zikapata lami. Zile ndogo, za kwenda kisimani, kinuni, kwenye shamba la mbali, kanisani, zikabaki kando, na sheria ya tarehe 20 Agosti 1881 ikazipa hadhi yake ya pekee. Mwaka 1959 serikali ilipanga upya barabara za komuni, na zile ambazo hazikuingizwa kwenye daraja la juu zikabaki kwenye mali binafsi ya komuni hadi leo. Kwa hiyo unachokanyaga ukiwa Limousin au Bourgogne ni mabaki ya uamuzi wa ofisini: njia iliyokosa sifa ya kupandishwa cheo.

Kisha yakaja mashine. Baada ya vita vya pili vya dunia, kazi ya kuunganisha mashamba madogo kuwa makubwa ilifagia Ufaransa, hasa miaka ya 1960 na 1970. Vishamba vilivyotawanyika vilikusanywa ili trekta igeuke bila kikwazo. Nyua za miti za Bretagne zikang'olewa, na njia zilizopita kati yake, zenye kuta za udongo pande zote mbili, zikasawazishwa nazo. Sisemi hili kuwalaumu wakulima wa wakati ule. Taifa liliwataka walishe watu, na waliitikia. Lakini hasara ilikuwa kubwa. Makadirio yanayorudiwa mara nyingi katika mjadala huu ni kwamba kilomita 250,000 za njia za shambani zimepotea katika miongo michache, na zimebaki kama 750,000. Ni makadirio tu, kwa sababu nchi yenye daftari la kila kiwanja tangu enzi za Napoleon haikuwahi kuwa na orodha kamili ya njia hizi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Namna njia inavyokufa siku hizi haina makelele ya buldoza. Mkulima ana shamba upande huu. Jirani anastaafu, anauza, na mkulima yule yule anapata shamba la upande wa pili. Njia iliyokuwa mpaka sasa imekuwa katikati ya mali yake. Mwaka wa kwanza jembe linakula nusu mita ya ukingo. Mwaka wa tatu linakula nusu mita nyingine. Ni panya anayeng'ata huku akipuliza. Kinachofuata ni waya wa umeme wa ng'ombe unaokatiza, wenye mpini wa plastiki ili mpita njia aufungue. Halafu siku moja mpini haupo. Miiba inakua. Meya anaona, lakini meya wa kijiji cha watu 200 mara nyingi ni mkulima pia, au shemeji wa mkulima, na hataki ugomvi wa njia inayotumiwa na watu wawili kwa mwezi. Sheria haimlazimishi kuitunza. Matengenezo ya njia za shambani si matumizi ya lazima ya komuni. Hata ruzuku ya serikali inamfundisha kupuuza: urefu wa barabara zilizosajiliwa za komuni huingia kwenye hesabu ya ruzuku, urefu wa njia za shambani hauingii. Ungekuwa wewe meya, ungeweka fedha wapi?

Hapo ndipo ninapopishana na washangiliaji wa njia za kijani. Njia ya kwanza ya aina hiyo, voie verte, ilifunguliwa mwaka 1997 kati ya Givry na Cluny, Bourgogne, juu ya tuta la reli iliyokufa. Wazo lilikuwa zuri. Ufaransa ilikuwa imejengewa reli ndogo nyingi kutokana na mpango wa waziri Freycinet wa mwaka 1879, na nyingi zilifungwa karne ya 20 mabasi na magari yalipozishinda. Tuta linabaki, lina mteremko mpole, lina madaraja na mahandaki tayari. Mwaka 2004 njia hizo ziliingizwa rasmi katika kanuni za barabarani, kwa watembea kwa miguu, baiskeli na wapanda farasi tu. Leo kila wilaya inataka yake, na kila mwanasiasa anataka kukata utepe.

Sina ugomvi na mtoto wa miaka sita anayejifunza kuendesha baiskeli kwenye lami laini, wala na mzee, wala na mtu wa kiti cha magurudumu. Kwao njia ya kijani ni neema. Ugomvi wangu ni na hesabu. Njia ya kijani ni mstari mmoja. Inagharimu sana kuijenga, inavuta kila mtu kwenye utepe uleule wa mita tatu, na Jumapili ya Agosti inakuwa na msongamano wake wenyewe. Njia za shambani ni wavu. Kutoka kijiji chochote unaweza kuchora mzunguko wa kilomita 20 au 120, kesho mwingine, bila kurudia. Kwa bei ya kilomita chache za lami ya kitalii, komuni kadhaa zingeweza kufyeka, kuweka vibao na kupima mipaka ya njia zao zote. Hakuna utepe wa kukata katika kufyeka miiba, basi haifanyiki.

Zipo njia za katikati zinazonifurahisha, na haki niseme. Njia ya kando ya mfereji wa Nantes hadi Brest, kama kilomita 364, imebaki kwa sehemu kubwa ni mchanga ulioshindiliwa, si lami. Farasi walivuta mashua hapo. Sasa baiskeli zinapita, na kila baada ya kilomita mbili tatu kuna nyumba ya mlinzi wa mlango wa maji. Bwawa la Guerlédan, lililojengwa miaka ya 1920, liliukata mfereji vipande viwili na kuua safari za mashua za mwambao hadi mwambao, lakini njia ya ukingoni inazunguka na kuendelea. Mfereji wa Midi, uliochimbwa chini ya Pierre-Paul Riquet kuanzia 1666, ni hadithi ngumu zaidi: karibu na Toulouse kuna lami, lakini ukielekea Bahari ya Kati inakuwa mizizi na mashimo, na miti ya mikuyu ya kizungu iliyokuwa ikiupa kivuli imekuwa ikikatwa kwa maelfu tangu ugonjwa wa kuvu ulipogunduliwa hapo mwaka 2006. Anayekwenda na picha za zamani kichwani atashangaa jua lilivyo kali.

Kuna watakaosema hofu ya magari imetiwa chumvi, na kwamba barabara ndogo za lami za mashambani zinatosha. Zinatosha kwa nani? Waendesha baiskeli 187 walikufa barabarani Ufaransa mwaka 2019. Mwaka 2022 walikuwa 245. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ni nje ya miji, pale gari linapokwenda kasi na mwendeshaji hana pa kukimbilia. Sheria inamtaka dereva aache mita 1.5 anapompita mwendesha baiskeli nje ya mji. Waliowahi kupitwa na gari dogo jeupe la fundi aliyechelewa kazini wanajua mita hiyo na nusu inavyopimwa.

Lakini vumbi nalo lina hatari zake, na watu wa matangazo hawazitaji. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari ni msimu wa uwindaji, na nchi ina wawindaji karibu milioni moja. Oktoba 2018, mwendesha baiskeli wa mlimani kutoka Wales, mwenye miaka 34, alipigwa risasi akafa huko Montriond, Haute-Savoie, akiwa kwenye njia iliyokuwa ikitumiwa na watu. Ukiona kibao cha "Chasse en cours", yaani uwindaji unaendelea, geuza. Vaa rangi inayowaka, ongea kwa sauti, na usione aibu. Kwenye milima na nyanda za malisho kuna mbwa wakubwa weupe walinda kondoo, waliorudishwa kwa wingi baada ya mbwamwitu kurejea kwenye milima ya Mercantour mwaka 1992. Mbwa huyo haumi kwa hasira; anafanya kazi yake. Shuka, weka baiskeli kati yako na yeye, tembea polepole.

Na neno "bila magari" lenyewe lina tundu. Sheria ya tarehe 3 Januari 1991 ilipiga marufuku vyombo vya moto kuzurura porini nje ya njia zilizo wazi kwa umma. Njia ya shambani, hata hivyo, ni njia iliyo wazi kwa umma. Pikipiki na gari la magurudumu manne vina haki ya kuipita, isipokuwa meya ametoa amri ya kuzuia. Kwa hiyo amani ya mwendesha baiskeli inategemea karatasi moja iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Upande wa pili mlango unafungwa: sheria ya tarehe 2 Februari 2023, iliyotungwa kupambana na nyua ndefu za wenye mapori ya kuwindia, hasa Sologne, ilikuja na fidia kwa wenye mali. Mtu akiingia kwenye ardhi ya mtu binafsi ya mashambani au msituni iliyowekewa alama wazi, anaweza kutozwa faini ya euro 135. Zamani njia nyingi za binafsi zilipitwa kwa uvumilivu tu, hakuna aliyeuliza. Uvumilivu huo umewekewa bei, na kila njia ya binafsi inayofungwa inaongeza thamani ya ile ya komuni iliyo jirani.

Nacheka kidogo ninaposikia mchezo huu ukiitwa uvumbuzi wa Wamarekani. Ni kweli jina na soko vimetoka huko. Mbio za Emporia, Kansas, zilianza mwaka 2006 na ndizo zilizotia moto biashara. Lakini mafundi wa Ufaransa wa miaka ya 1940 na 1950 walikuwa wakitengeneza baiskeli za safari zenye magurudumu ya kipimo kiitwacho 650B na tairi za milimita 38 hadi 42, taa, madigadi na gia nyepesi, kwa sababu barabara za milimani wakati huo zilikuwa changarawe. Bretagne wana Tro Bro Léon tangu mwaka 1984, mbio zilizoanzishwa kuchangia shule zinazofundisha kwa Kibretoni, zinazopita kwenye vijia vya mashambani viitwavyo ribinoù. Mbretoni anayefanya vizuri kuliko wenzake hupewa nguruwe mdogo. Napenda zaidi mbio zinazojua zinachangia nini kuliko zile zinazouza fulana. Na angalau Tro Bro Léon inafanya vijia hivyo vitajwe kwa jina hadharani kila mwaka, jambo ambalo si dogo, kama tutakavyoona.

Mfano ninaourudia zaidi ni wa Larzac, uwanda wa mawe ya chokaa juu ya Millau. Mwaka 1971 serikali ilitangaza kupanua kambi ya jeshi kutoka hekta 3,000 hadi 17,000. Wakulima 103, wengi wao wafuga kondoo wa maziwa ya jibini la Roquefort, waliapa kutouza. Walipigana miaka kumi, kwa maandamano, kwa kesi, kwa kuleta kondoo chini ya mnara wa Eiffel, hadi François Mitterrand alipoingia madarakani mwaka 1981 na kuufuta mpango. Ardhi ambayo dola ilikuwa imekwisha kuinunua, zaidi ya hekta 6,000, ikakabidhiwa kwa chombo cha wakulima wenyewe kwa mkataba wa muda mrefu. Mwaka 2022 mbio za changarawe za Millau ziliingia kwenye msururu wa dunia wa shirikisho la baiskeli UCI. Waendeshaji waliotoka nchi nyingi walipita kwenye uwanda huo wakisifu upana wa anga. Bila wale wafuga kondoo, sehemu ya anga hiyo leo ingekuwa juu ya uwanja wa kulengea shabaha. Sidai kwamba kila njia ya Creuse inahitaji maandamano ya miaka kumi. Nadai kwamba hakuna uwanda ulio wazi kwa bahati tu.

Kinachotakiwa ni kidogo na kinachosha. Sheria ya tarehe 21 Februari 2022 imelipatia kila baraza la komuni uwezo wa kuamua kuhesabu njia zake za shambani. Siku uamuzi unapopita, saa ya miaka 30 ya wanaotaka kujimilikisha inasimama, na baraza lina muda usiozidi miaka miwili kupitisha orodha kamili baada ya kusikiliza wananchi. Si lazima, ni hiari. Baraza lisiloombwa halitajisumbua. Tangu mwaka 1983 pia kila wilaya inaweza kuingiza njia katika mpango wake wa njia za matembezi, na njia iliyomo humo haiwezi kuuzwa kwa namna inayokata mwendelezo wake bila kuwekewa njia mbadala. Vinginevyo mauzo ni batili. Zana zipo.

Na ipo nyingine iliyo mikononi mwa mwendesha baiskeli mwenyewe, ambayo vilabu vingi havijaishika. Kanuni za sheria za vijijini zinasema matumizi ya umma yanadhaniwa kuwepo pale njia inapotumika kama pito, na njia inayotumiwa na umma inadhaniwa kuwa mali ya komuni hadi ithibitishwe vingine. Maana yake ni kwamba kupita ni ushahidi. Yule anayedai njia imekufa lazima apambane na watu wanaoipita. Kila kisanduku kwenye usukani kinahifadhi tarehe, saa na mstari wa safari. Vilabu vinatumia rekodi hizo kushindania nani kapanda kilima haraka. Zingechapishwa zikawekwa mezani siku ya kukusanya maoni, kijiji kwa kijiji, zingekuwa na uzito kuliko barua mia za malalamiko. Hata mgeni aliyeshuka treni La Souterraine na baiskeli yake, akaingia Creuse kwa siku mbili, anaacha rekodi ya aina hiyo, awe amekusudia au la.

Kwa msomaji wetu aliyeko Paris, Lyon au Brussels, ushauri wangu unafuata mantiki hiyo hiyo. Treni nyingi za mikoa hupakia baiskeli. Zile za masafa marefu hutaka nafasi ilipiwe mapema. Chagua wilaya iliyo tupu, fungua ramani ya IGN, tafuta mistari myembamba iliyopakana na majina ya vijiji, si ile inayokufa katikati ya shamba. Chukua chakula. Msalimie mkulima kwanza kabla hajakusalimia, punguza mwendo ukikuta ng'ombe, funga kila geti ulilolifungua. Ukikuta njia ya komuni imelimwa, piga picha, andika mahali, mpelekee meya barua fupi ya adabu ukimuuliza kama baraza lake limeamua kuhesabu njia zake. Watakaokujibu ni wachache. Lakini barua iliyopokelewa huwekwa kwenye faili, na faili hilo ndilo litakalofunguliwa siku jirani atakapoomba kuinunua.